Shangazi, mume wangu kaniandikishia pombe kwa jina langu

Shangazi, assalaam alaykum, na shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Wete, naishi Jang'ombe kwa mavyaa wangu. Mume wangu yuko Sharjah, mwaka wa sita huu, anafanya kazi ya ghala. Kila Idd akijaaliwa huja kututazama. Mwaka huu kasema haji yeye, niende mimi. Kanikatia tiketi ya ndege mpaka Dubai, na kutoka hapo tupande meli ya kitalii, mfano wa zile zinazotia nanga Malindi hapa Unguja siku za msimu, ndefu kama mtaa. Siku saba: Abu Dhabi, Doha, Maskati, kisha turudi. Nilifurahi mpaka nikalia. Tangu tuoane hatujapata kukaa siku saba sisi wawili tu.

Sasa kitumbua kimeingia mchanga. Wiki mbili nyuma kanitumia kwa WhatsApp karatasi ya nafasi zetu, nikampa mtoto wa wifi yangu anisomee, maana yeye yuko kidato cha nne na Kiingereza anakijua. Akasoma chumba, akasoma tarehe, akasoma majina yetu. Mbele ya jina langu pana kijipicha cha glasi yenye mguu mrefu na maneno kwamba nimelipiwa kifurushi cha vinywaji. Kijana alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Hii si ya pombe?" Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikampigia mume wangu. Hakukataa. Kasema hiyo ni sheria ya meli: watu wazima wawili wakilala chumba kimoja, mmoja akichukua kifurushi, na mwenzake lazima achukue. Nikamuuliza, huyo mmoja ni nani? Akanijibu, "Wewe njoo, tutazungumza." Shangazi, Idd iliyopita kila akirudi usiku nilikuwa nasikia pipi ya mnanaa mdomoni mwake. Nikajitia upofu.

Na si hilo tu. Anataka nikifika uwanja wa ndege nimnunulie chupa ya wiski kwenye duka la bidhaa zisizotozwa ushuru. Anasema kila abiria ana haki ya chupa moja melini, na kwa kuwa mimi situmii, nafasi yangu isipotee bure. Tena nimpelekee vidonge vyake vya mgongo, Tramadol, anasema huku ni rahisi kuvipata. Nimeshavinunua, vimo kwenye kibahasha cha kaki kilichoandikwa kwa kalamu "1x2". Sigara anavuta, hilo nalijua siku zote. Kanituliza kwamba chumba chetu kina roshani, atavutia huko, moshi hautanifika.

Mavyaa, masikini, hajui lolote. Kanipa chetezo kidogo cha udongo, makaa na udi wa Maskati, tufukize chumba tukae kama bibi na bwana harusi.

Hiyo sheria ni ya kweli au kaitunga? Nikiibeba chupa nitakuwa na kosa? Na je, niende au nisiende?

Roho Juu, Jang'ombe

*

Waalaykum salaam mwanangu, na marahaba.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nianze na hiyo sheria ya kifurushi, kwa sababu ndiyo iliyokutoa usingizi, na ukishaielewa mengine yatakaa sawa.

Mumeo hakuitunga. Kampuni nyingi za meli za kitalii zinayo. Carnival ya Marekani, kwa mfano, wanauza kifurushi cha vileo, na akikinunua mtu mmoja, kila mtu mzima wa chumba hicho lazima anunue. Sababu ni rahisi kuielewa. Kifurushi hulipiwa kwa siku, kisha mtu hunywa bila kutoa fedha kila mara. Wangeruhusu anunue mmoja tu, angekuwa anachukua kwa kadi yake ya melini na kumpa mwenzake chini ya meza. Carnival hao hao wameweka na kikomo: vileo 15 kwa saa 24, basi. Na wahudumu wa baa wana ruhusa ya kumkatalia mtu aliyekwishalewa hata kama kalipia.

Lakini itazame vizuri sheria hiyo inaanzia wapi. Haikuanza na wewe. Wala haikuanza na chumba. Inaanza pale mmoja wa chumbani anaponunua kifurushi cha vileo kwa ajili yake. Asiponunua, hapana sheria yoyote duniani inayokulazimisha wewe kuwa na glasi mbele ya jina lako. Kwa hiyo swali ulilomuuliza kwenye simu, "huyo mmoja ni nani?", lilikuwa ndilo hasa, na yeye amelijibu kwa kutolijibu.

Namna ya kutoka ipo, tena zipo mbili. Ya kwanza ni kifurushi kifutwe kabla ya safari, na mwenye kutaka kinywaji akilipie glasi kwa glasi kwa kadi yake. Kwa mtu asiyekunywa kutwa kucha hata fedha anaokoa, maana vifurushi hivi mara nyingi hupita dola 60 kwa siku kwa mtu mmoja, na watu wawili kwa siku saba ni zaidi ya dola 840. Hebu fikiria hizo ni kodi ya miezi mingapi ya nyumba hapa mjini. Ya pili, ipigiwe simu kampuni au wakala aliyewauzia, aambiwe wazi kwamba wewe hunywi kwa sababu ya dini. Baadhi ya kampuni hukubali kumwekea asiyekunywa kifurushi cha juisi na soda badala ya kile cha vileo, ila hilo lazima liombwe mapema. Maji na chai kwenye ukumbi wa kujipakulia, melini mara nyingi huwa bure, kwa hiyo usitishwe kwamba bila kifurushi utakufa kiu.

Sasa chupa. Hapo mumeo kasikia nusu ya habari. Zipo kampuni, Carnival na Royal Caribbean zimo, zinazomruhusu kila mtu mzima kupanda na chupa moja ya mililita 750. Lakini ni ya mvinyo, si ya pombe kali, na ni siku ya kupanda tu. Kampuni nyingine haziruhusu hata hiyo. Wiski hairuhusiwi. Mizigo yote inapita kwenye mashine ya kukagulia kama ile ya uwanja wa ndege, na kila mkishuka bandarini na kurudi mnakaguliwa tena. Chupa ya pombe kali ikionekana, huchukuliwa. Ukiwa umeinunua bandarini njiani, mara nyingi huiweka na kukurudishia siku ya mwisho. Ukiwa umeificha, usitarajie kuiona tena. Watu hujaribu kuitia kwenye chupa za maji ya kusukutulia, wakaitia na rangi ifanane, lakini wakaguzi wa bandarini wameshaona yote hayo.

Hata hivyo, ingekuwa inaruhusiwa, bado ningekwambia usiibebe. Ukipita uwanja wa Abeid Amani Karume na buibui lako, mfukoni una chupa yenye risiti ya pasi yako, wewe ndiye mwenye chupa. Wa forodha wa Dubai hatamuuliza mumeo, atakuuliza wewe. Katika orodha ya bandari zenu imo Doha, na Qatar haimruhusu msafiri kuingia na pombe kabisa. "Nafasi yako isipotee" ni maneno matamu, lakini nafasi hiyo ina jina, na jina ni lako.

Ukipanda meli utapewa kadi ndogo. Kadi hiyo ndiyo ufunguo wa chumba, ndiyo pochi, na ndiyo kitambulisho chako langoni. Kila kinachoagizwa kwayo huandikwa, kinywaji gani, baa gani, saa ngapi, na siku ya mwisho hesabu hutolewa. Nakwambia hili ujue kwamba kinachoandikwa mbele ya jina lako kwenye karatasi ile ya WhatsApp hakikuishia kwenye karatasi. Sikwambii ili ukamchunguze mumeo kwa risiti zake. Mke anayesoma risiti ya mumewe usiku wa saba katikati ya bahari, na mume kalala pembeni yake, amechelewa. Muulize kabla hujaondoka Unguja.

Vidonge, mwanangu, ndivyo vilivyonitia khofu kuliko chupa. Kitoe hicho kibahasha kwenye sanduku leo, usingoje kesho. Tramadol hata hapa kwetu ni dawa ya kuandikiwa na daktari. Kule Imarati, nchi zilimo Dubai na Sharjah, iko kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa: mtu haingii nayo mpaka awe na cheti cha daktari na ameomba kibali kabla kwa mamlaka ya dawa ya kule, kwa njia ya mtandao. Hata baadhi ya dawa za kikohozi zenye codeine zimo humo humo. Wewe unataka kuingia na vidonge visivyo na pakiti, visivyo na jina la mgonjwa, vimeandikwa "1x2" kwa kalamu. Nani atakuamini kwamba ni vya mgongo wa mumeo? Watu wametiwa ndani kule kwa kidogo kuliko hicho, wakiwa wanalia kwamba hawakujua. Kama mgongo unamuuma, Sharjah kuna hospitali na madaktari, aende akaandikiwe huko huko, apewe pakiti yenye jina lake.

Dawa zako mwenyewe, kama unayo ya presha au ya sukari, chukua ikiwa kwenye pakiti yake ya asili pamoja na karatasi ya daktari, uiweke kwenye mkoba wa mkononi. Melini ni hivyo hivyo. Na siku ya kuondoka akija mtu yeyote, awe shemeji au jirani, na kifurushi cha "mpelekee fulani," hata akiapa ni majani ya chai, kataa. Mtaani kwetu tumewazika vijana kwa unga, na tumewaona wasichana wazuri waliobebeshwa mzigo wasioujua wakaozea jela za nchi za watu. Sitaki wewe.

Nigusie na bangi, ingawa hukuiuliza, kwa sababu melini utakutana na watu wa kila nchi, na wapo wanaodhani kwamba katikati ya bahari hapana serikali. Meli ina bendera, mara nyingi ya Panama, Bahamas au Malta, na sheria ya bendera hiyo inaifuata kila iendako. Ikifunga gati, inaingia na sheria ya bandari ile. Nchini Marekani kuna majimbo mtu hununua bangi dukani kwa risiti, lakini akiileta melini anashushwa, kwa sababu sheria ya serikali kuu yao bado inaikataza. Wapo waliokatishwa safari bandarini hata wakiwa na cheti cha daktari. Hata mafuta na peremende za CBD, kitu kinachotolewa kwenye mmea wa bangi, meli nyingi hazizitaki. Mirungi nayo ni vivyo hivyo: Kenya inauzwa sokoni, kwetu Tanzania ni marufuku, Uingereza imepigwa marufuku tangu 2014. Anayekamatwa hushushwa bandari inayofuata, hukabidhiwa kwa polisi, na nauli ya kurudi kwao anajitegemea. Mtu akikukaribisha kitu usichokijua, hata peremende, sema ahsante na uondoke.

Sigara na roshani. Hapa naomba umweleze mumeo kwa utulivu, kwa sababu najua anadhani anakufanyia hisani. Tarehe 23 Machi 2006, usiku wa manane, meli ya Star Princess ilikuwa njiani kwenda Jamaica. Moto ukaanza kwenye roshani ya chumba kimoja. Uchunguzi ulisema yumkini ni kishungi cha sigara kilichotupwa. Upepo wa baharini unaujua. Ukaupuliza moto roshani hadi roshani, sitaha hadi sitaha, ukala viti na viambaza vya plastiki. Abiria mmoja alifariki na wengine 13 walitibiwa kwa moshi. Vyumba 79 viliharibika kabisa. Baada ya hapo kanuni za kimataifa za usalama wa meli zikabadilishwa ili roshani zisijengwe tena kwa vitu vinavyoshika moto upesi, na kampuni moja baada ya nyingine zikapiga marufuku sigara chumbani na roshanini. Sisi watu wa visiwani tunaoivuka bahari baina ya Unguja na Pemba, hatuhitaji kufundishwa balaa la baharini lilivyo.

Kwa hiyo siku hizi kwenye meli nyingi mahali pa kuvutia ni pale palipotengwa tu, mara nyingi upande mmoja wa sitaha ya wazi. Sigara za umeme huhesabiwa sigara. Shisha, meli nyingine hata kuingia nayo hawakubali. Royal Caribbean hutoza dola 250 kwa atakayekutwa amevuta chumbani au roshanini, na akirudia anaweza kushushwa. Faini hiyo huandikwa kwenye hesabu ya chumba, na chumba ni chenu nyote wawili.

Kwa sababu hiyo hiyo ya moto, chetezo cha mavyaa hakitapanda. Makaa, mishumaa, ubani, udi wa kufukiza, vyote vimo kwenye orodha ya vitu vinavyozuiwa. Fukiza nguo zako nyumbani usiku wa kufunga sanduku, uzitandaze juu ya tenga kama tulivyozoea, uzikunje zikiwa bado na joto. Chukua kichupa cha mafuta ya udi na asumini kavu kidogo. Chumba kitanukia, na king'ora cha moshi hakitalia.

Umeniuliza uende au usiende. Suala la dini la kukaa mahali panapouzwa pombe mpelekee sheikhe unayemwamini, mimi si mwenye kulijibu. Ninachoweza kukueleza ni kwamba melini hapana atakayekushurutisha kunywa. Ukiomba meza ya pembeni utapewa, chakula kisichokuwa na nguruwe kinapatikana ukiwaambia mapema, na nyakati za sala utazijua kwa simu yako. Wanawake wa buibui wa Ghuba husafiri na meli hizi kila msimu.

Ila mimi sidhani kinachokuzuia ni meli. Kinachokuzuia ni ile pipi ya mnanaa. Mumeo amekaa miaka sita peke yake katika nchi ya watu, na kuna jambo limemwingia ambalo kwa aibu hakuweza kukwambia uso kwa uso, akaona akuachie karatasi ikuambie. Sitaki kumtetea: kuliandika jina lako kwenye kitu unachokichukia bila kukuuliza ni kosa, na lazima alijue kuwa ni kosa. Lakini amekwita. Mtu anayetaka kuficha kabisa hamwiti mkewe akae naye siku saba chumba kimoja.

Basi mpigie. Usimpigie watoto wakiwepo, wala mavyaa akiwa ukumbini. Umwambie hivi, kwa maneno yako: "Mume wangu, safari naitaka na wewe nakutaka. Kifurushi kifute, jina langu litoke. Chupa sibebi, vidonge nimeviacha. Tukiwa huko, au kabla yake ukiweza, niambie umeanza lini na unakunywa kiasi gani, nami nitakusikiliza bila ya kukupigia kelele." Kisha unyamaze, umwachie nafasi. Akikutumia karatasi mpya isiyo na glasi mbele ya jina lako, funga sanduku uende. Akigoma, au akikwambia ubebe chupa "mara hii tu," basi bakia nyumbani, tiketi ipotee. Na ikidhihirika kwamba pombe imemshika kiasi cha kutokuacha kwa hiari yake, niandikie tena tuzungumze habari ya kumtafutia msaada, kwa sababu hapo maneno ya mke peke yake hayatoshi.

Umwombe pia akutumie kurasa za mkataba wa abiria zinazosema vileo, sigara na vitu vilivyokatazwa. Kila kampuni ina wake, na wenu ndio utakaowahukumu, si huu ninaokuelezea mimi wa kampuni nyingine. Yule kijana wa wifi yako akusomee neno kwa neno. Mpe na ahsante, maana alikuuliza kwa sauti ya chini, hakwenda kutangaza.

Mavyaa wako usimwambie habari za kifurushi. Hilo ni la baina yenu wawili mpaka mwanawe mwenyewe atake kulifungua. Mwambie tu kwamba meli haitaki moto. Kile chetezo mwachie chumbani kwake pamoja na udi wake, na umwambie ukirudi ndiyo mtakifukiza pamoja, yeye, wewe na wanao.